Herufi Thelathini

Kwenye kibanda changu cha Katuba, kati ya kinyozi na muuza makala,
nauza kopi, picha za paspoti, na subira.
Subira siiandiki kwenye bei, lakini ndiyo inayoisha upesi.

Musau Kyungu alikuja Jumanne ya mvua,
bahasha ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya kitenge,
kitenge kimefungwa kifuani kama kichanga.
Mumewe yuko Kanada, mwaka wa saba, anakata nyama kiwandani
katika mji ambao kila mmoja wetu anautamka kwa njia yake.
Sasa karatasi zake zimekomaa: anaruhusiwa kuita jamaa.
"Kuita," Musau alisema, "kama vile tuko ng'ambo ya barabara."

Tulianza vizuri. Jina la baba. Jina la mama.
Tarehe ya ndoa: ya mahari, ya kanisa, au ya manispaa?
Fomu inataka moja. Tukachagua ya manispaa,
ile ambayo hakuna aliyecheza.
Uthibitisho kwamba mnapendana: picha, barua, risiti za pesa.
Alicheka, mkono mdomoni. Risiti anazo, themanini na mbili,
wino umeliwa na jasho.
Nikazipiga kopi zote.
Upendo ulitoka karatasi kumi na moja, mbele na nyuma.

Kisha watoto.
Kabulo, wa kuzaa. Ndiyo.
Monga, wa kuzaa. Ndiyo.
Banza.

Banza ana miaka tisa. Alikuwa nje,
anapima kina cha dimbwi kwa kiatu cha kaka yake.
Fomu inauliza: wa kuzaa, wa kuasili, wa kambo?
Haina mahali pa mtoto aliyelala usiku mmoja ana mama,
akaamka ana mama mwingine, dada mtu,
bila hakimu, bila mhuri,
kwa maji ya vuguvugu na uji tu.

Kuna mstari wa chini: mengineyo, fafanua.
Herufi thelathini, nafasi zikihesabiwa.
Nikajaribu: mtoto wa mdogo wangu marehemu.
Ishirini na tisa! Nikafurahi kama mjinga.
Halafu nikakumbuka fomu haili Kiswahili,
na kwa Kifaransa lazima nitupe neno moja:
ama mdogo, ama marehemu.

Nikamwambia ukweli, maana nao unalipiwa hapa:
watamtia pamba mdomoni, watapima mate,
na mate yatasema si wako.
Iko njia ya mahakama, ya ada, ya njoo Alhamisi,
mwaka, pengine miwili.
Wengine huwatanguliza wale wawili.

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa achague mwenyewe jino la kung'olewa.
"Mate yake nayajua," akasema. "Miaka tisa nayapangusa."
Kisha, polepole, kana kwamba mimi ndiye nisiyejua kusoma:
"Mutoto ni wangu, Papa. Andika: wangu."

Herufi tano.

Kuraa hukatika hapa kila siku kabla ya saa nane.
Siku hiyo haikukatika.
Niliketi nikiiomba ikatike.

Fomu ninayo bado. Kila asubuhi mashini inaniuliza:
uendelee, au ufute?
Mimi mwenyewe sijafika mbali kuliko Kasumbalesa,
na huko nilifuata wino.
Musau anauza bukari karibu na soko, anaweka akiba ya hakimu
kwenye kopo la maziwa; akipita hauliziii kitu,
ananisalimia tu kwa sauti iliyo juu kidogo.

Jana Banza alikuja peke yake, viatu mkononi.
Akaulizia kama kule kuna madimbwi.
Nikamwambia yapo, lakini miezi mingi yanaganda,
watu wanapita juu yake.
Akafikiri sana, akitazama kioo cha mashini.
"Sasa," akasema, "mtu anapimaje kina?"